Taa ya gari linaloteleza: shajara ya kutafuta hitilafu

Siku ya 1

Leo asubuhi, kama dakika kumi baada ya kuondoka, taa ya njano yenye mchoro wa gari na mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake iliwaka kwenye dashibodi, na sekunde chache baadaye taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kubana breki) ikaifuata. Nilisimama pembeni, nikazima injini na kuiwasha tena. Zote mbili zikazimika, nikaendelea na safari, na baada ya kona kadhaa zikarudi. Taa nyekundu ya breki haikuwaka, kanyagio la breki lilikuwa gumu kama kawaida, na mafuta ya breki yalikuwa kati ya alama mbili za kopo lake, kwa hiyo nikaona gari linaweza kurudi nyumbani kwa mwendo wa pole. Kama taa nyekundu nayo ingewaka, nisingeliendesha, kwa sababu hapo huenda hata mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma umepotea, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele.

Ninaandika shajara hii kwa sababu ninajijua. Hitilafu ya umeme ikinisumbua, hubadilisha vitu vitatu kwa mkupuo, gari likapona, nami nisijue kipi kililiponya. Safari hii nimejiwekea sharti kwamba kila kipimo kitaandikwa kabla sijagusa kinachofuata.

Cha kwanza ni tabia ya taa yenyewe. Ikimetameta gari likiwa kwenye mwendo, maana yake mfumo wa udhibiti wa uthabiti unafanya kazi papo hapo: unabana breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini ili gari lifuate njia ambayo dereva ameielekezea. Ikiwaka tu bila kumetameta, mfumo umejiondoa kazini, ama kwa sababu dereva ameuzima kwa kitufe chake, ama kwa sababu kompyuta imepokea taarifa isiyoiamini. Kitufe nimekikagua na sikukibonyeza. Taa yangu haimetameti, kwa hiyo ninachotafuta ni taarifa isiyoaminika.

Tatizo ni kwamba taarifa hizo ni nyingi. Mfumo huu, ambao kampuni ya Bosch iliutengeneza na magari ya Mercedes-Benz yakaanza kuuzwa nao mwaka 1995, hulinganisha mara 25 kwa sekunde kile anachotaka dereva na kile ambacho gari linafanya kwa kweli. Matakwa ya dereva huyapata kwenye sensa ya pembe ya usukani, kanyagio la mafuta na shinikizo la breki. Mwenendo wa gari huupata kwenye sensa nne za kasi ya magurudumu, sensa inayopima bodi linavyojizungusha kuelekea kulia au kushoto, na nyingine inayopima linavyosukumwa kwenda pembeni. Yeyote kati ya hao akikosa au akisema lisiloingia akilini, taa inayowaka ni ile ile moja. Hata injini ikiwa na hitilafu yake, magari mengi huiwasha taa hii, kwa kuwa mfumo hauwezi tena kuiomba injini ipunguze nguvu. Ndiyo maana siwaelewi wanaouliza, "Taa hii ikiwaka, nibadilishe nini?"

Siku ya 2

Nilianza na vitu visivyohitaji spana. Betri ilikuwa na volti 12.5 ikiwa imepumzika, na 14.2 injini ikinguruma huku taa kubwa zimewashwa. Betri na alteneta havina kesi. Volti zikishuka sana wakati wa kupiga stata, kompyuta ya breki ni miongoni mwa za kwanza kulalamika, na nimewahi kuona gari likibadilishiwa sensa mbili kumbe betri ndiyo iliyochoka. Tairi zote nne ni za saizi moja, zimelika kwa kiasi kinachokaribiana, na upepo uko sawa. Hili si jambo dogo, maana tairi yenye mzingo mdogo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta ikaitafsiri tofauti hiyo kuwa gurudumu linateleza.

Kisha nikachomeka kifaa changu kidogo cha kusoma misimbo ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta za gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Hakikukuta kitu. Visomaji vya aina hiyo mara nyingi huzungumza na kompyuta ya injini peke yake, yaani misimbo inayoanza na P, ilhali breki na uthabiti vina misimbo ya herufi C, bodi ina B, na mawasiliano kati ya kompyuta yana U. Niliazima skana inayoweza kuingia kwenye kompyuta ya ABS, na humo nikakuta msimbo mmoja tu, C0035: mzunguko wa sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kushoto.

Skana hiyo pia ilionyesha hali ya gari wakati hitilafu iliponaswa: kasi kilomita 18 kwa saa, usukani umekatwa kushoto nyuzi 210. Niliandika tarakimu hizo hapa bila kuzitafakari, nami nitazijutia.

Siku ya 3

Nimelivunja sharti langu mwenyewe. Niliitoa sensa ya kushoto, nikaipima kwa mita upande wa omu (ukinzani wa umeme), na mita haikuonyesha chochote, kama waya uliokatika. Nikasema sensa imekufa, nikanunua mpya, nikaifunga, nikafuta msimbo. Taa zilizimika. Nilizunguka mtaa mara moja nikijipongeza, na nilipokuwa nageuza gari kuliegesha, zikawaka zote mbili.

Ndipo nikaitoa sensa ya kulia, ambayo haikuwa na lalamiko lolote, nikaipima vile vile. Mita ikasema yale yale. Kumbe kipimo changu hakikuwa na maana tangu mwanzo. Sensa za zamani zilikuwa koili iliyozungushwa kwenye sumaku. Hizo unaweza kuzipima ukinzani wake, mara nyingi kati ya omu mia kadhaa na elfu mbili hivi, nazo huzalisha umeme wao wenyewe gurudumu likizunguka. Sensa za gari hili ni za aina nyingine: ndani yake mna saketi ndogo inayohitaji kulishwa volti 12 na kompyuta, na badala ya kuzalisha umeme, hubadilisha kiasi cha mkondo inaoupitisha, miliampia 7 au 14, kila ncha ya sumaku iliyopakwa kwenye sili ya beringi inapopita mbele yake. Kuipima omu sensa ya namna hiyo ni kuuliza swali isiloweza kulijibu, na mita nyingine zinaweza hata kuidhuru.

Siku ya 4

Nilifunga sensa ya zamani ya kushoto kwenye gurudumu la kulia. Inafanya kazi bila kasoro, na msimbo umebaki C0035. Kwa hiyo sensa niliyoitupia lawama ilikuwa nzima, na mpya niliyonunua sasa ni ya akiba.

Siku ya 6

Jana sikuligusa gari. Nilisoma tena maandishi ya siku ya 2. Kilomita 18 kwa saa, usukani nyuzi 210 kushoto. Hiyo si barabara kuu. Hiyo ni kona kali au maegesho, na taa zilirudi nikiwa nageuza. Jibu nilikuwa nalo mfukoni kwa siku nne.

Leo nimetenga vitu vitatu ambavyo vinaweza kuuangusha mzunguko huo hata kama sensa ni nzima: ukanda wa sumaku kwenye beringi, waya kati ya sensa na kompyuta, na kompyuta yenyewe. Niliinua mbele ya gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi mbili (jeki peke yake haiaminiki hata kwa dakika moja), nikaacha plagi ya sensa ikiwa imechomekwa, na kwa sindano nyembamba nikazigusa nyaya zake kwa upande wa nyuma ya plagi, swichi ikiwa imewashwa. Waya mmoja ulikuwa na volti karibu 12, sawa na za betri. Kwenye ule wa pili, unaorudisha taarifa, mita iliruka kati ya 0.8 na 1.6 kila nilipolisogeza gurudumu kidogo kwa mkono. Nililizungusha polepole mzunguko mzima nikihesabu miruko. Hapakuwa na pengo. Ukanda wa sumaku ukipasuka, ukijaa unga wa chuma, au fundi akiipachika beringi kinyumenyume hadi upande wa sumaku ukaangalia nje, miruko hiyo hukosekana au hutoweka kabisa. Beringi haina kosa.

Baada ya hapo nikamwita mdogo wangu akae kwenye usukani, mimi nikalala chini na sindano zangu, gurudumu likiwa limetulia mahali ambapo mita ilisoma 1.6.

"Kaka, nikate wapi?"

"Kulia kwanza, polepole, mpaka mwisho."

1.6, haikutikisika.

"Rudisha. Sasa kushoto."

Usukani ulipopita nusu ya safari yake, tarakimu zikaanza kucheza: 1.6, 0.3, 1.5, sifuri. Alipofika mwisho, sifuri. Nikamwambia arudishe kidogo tu, ikarudi 1.6. Tulirudia mara sita, na mara zote sita ilikufa karibu na pembe ile ile. Nilishika waya kwa vidole viwili pale unapotoka kwenye kishikio chake cha mpira juu ya shokapu, nikaukunja kidogo bila usukani kuguswa, na sifuri ikaja.

Kwenye gari hili plagi ya sensa iko hapo hapo nyuma ya gurudumu, na kipande kinachojikunja kila usukani unapokatwa ni sehemu ya nyaya za bodi. Magari mengine sensa huja na waya wake mrefu unaoingia hadi ndani ya bodi. Kwa gari la namna hiyo, sensa mpya ingekuwa imeniponya kwa bahati, nami ningeandika humu kwamba sensa ilikuwa imekufa na ningeamini hivyo maisha yangu yote.

Siku ya 7

Ili nisitegemee kidole peke yake, nilitoa ncha hasi ya betri, nikasubiri, nikachomoa plagi kubwa ya kompyuta ya ABS, na kupima kila waya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Waya unaorudisha taarifa, omu 0.3, hata nikiukunja. Ule mwingine, omu 0.4 ukiwa umenyooka, na ukikunjwa mita haisomi kitu. Huo ndio unaoilisha sensa volti 12.

Nje ya waya hapakuwa na dalili. Ganda jeusi lilikuwa zima, halina mpasuko unaoonekana, ila nilipolipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada nilihisi sehemu moja laini kupita nyingine, kama sentimita mbili, pale pale linapotoka kwenye mpira. Nililipasua kwa wembe kwa urefu. Ndani, shaba haikuwa na rangi ya shaba. Ilikuwa unga wa kijani uliogandamana na ganda, na katikati yake nyuzi tatu nyembamba zilizokuwa bado zinang'aa kidogo. Waya huo ulikuwa unailisha sensa kwa nyuzi tatu, na usukani ukikatwa kushoto, nyuzi hizo ziliachana. Nilipokwangua kuelekea kwenye plagi, ukijani uliendelea sentimita kama nane zaidi, kwa maana maji yakishaingia kwenye tundu dogo hupanda ndani ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi.

Siku ya 8

Ukarabati ulichukua saa tatu, na zaidi ya nusu yake ilikuwa kuamua wapi nikate. Kishawishi kilikuwa kukata zile sentimita kumi mbovu, kulehemu kipande kwa risasi, na kufunga teipu. Sikufanya hivyo kwa sababu mbili. Risasi hupenya kati ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia ndipo waya utakapokatika tena, hasa mahali panapojikunja kila siku. Tena, sikuwa na uhakika kwamba ukijani umeishia pale nilipouona.

Nimebadilisha kipande chote kinachojikunja, kutoka plagi ya sensa hadi ndani ya bodi, ambako waya umefungwa na hausogei, kwa nyaya mbili laini za unene ule ule. Maungio mawili yako upande wa ndani, nimeyabana kwa viungio vya shaba, nikayavalisha mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na nimeyapishanisha yasikae ubavu kwa ubavu. Kwenye plagi nimetumia pini mpya. Nyaya nimezisokota pamoja kama zilivyokuwa mwanzo. Msokoto huo upo ili kelele za umeme kutoka kwenye nyaya jirani zizipate zote mbili kwa usawa, na nimeona watu wakiziacha sambamba kisha wakashangaa taa kuwaka mara moja moja bila sababu. Nimerudisha kila kishikio cha mpira mahali pake, na kabla ya kufunga nimekata usukani pande zote mbili, gari likiwa juu na likiwa chini, nikaangalia kwamba waya haunyooki hadi kuvutika wala haugusi tairi.

Kwa mita, nyaya zote mbili ni omu 0.3 usukani ukiwa popote. Nilirudisha betri, nikafuta msimbo. Taa ya ABS haikuzimika mara moja, ilisubiri hadi gari likapita kilomita 20 hivi kwa saa. Magari mengi hufanya hivyo baada ya hitilafu ya sensa ya gurudumu, maana kompyuta haiwezi kuamini kwamba gurudumu linaonekana mpaka lizunguke. Kwenye skana nilitazama kasi za magurudumu manne kwa wakati mmoja: 21, 21, 21, 21.

Taa ya uthabiti, hata hivyo, bado inawaka. Nimechoka, nitaendelea kesho.

Siku ya 9

Msimbo wa leo si wa gurudumu. Ni wa sensa ya pembe ya usukani, kwamba sifuri yake, yaani mahali usukani unapokuwa umenyooka, haijulikani. Hili nimelisababisha mimi. Nilipotoa betri siku ya 7, kumbukumbu ya sifuri ilifutika. Kuna magari yanayojifunza upya yenyewe kwa kukata usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kuendesha moja kwa moja kidogo. Nilijaribu, na hili halimo kati ya hayo.

Skana ina menyu ya kuweka sifuri, na maelekezo yake ni mafupi: gari liwe mahali tambarare, magurudumu yaangalie mbele, usiguse kitu. Kabla ya kubonyeza nilisoma takwimu hai (zile sensa inazotoa papo hapo), na usukani ukiwa umenyooka kwa macho, sensa ilisema nyuzi 7 kulia. Ningebonyeza hapo, ningeifundisha kompyuta uongo. Nikaingia kwenye barabara iliyonyooka na tambarare, nikaliacha gari lijiendee kwa kasi ya 40, nikatazama usukani: umeinama kushoto nyuzi chache. Mara ya mwisho gari lilipofanyiwa alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa magurudumu), usukani haukuwekwa katikati.

Kosa la namna hii halionekani kwenye mwendo wa kawaida. Huonekana kwenye kona ndefu ya kasi, kompyuta inapodhani dereva anataka kukata zaidi au pungufu ya anavyokata, ikabana breki ya gurudumu moja pasipo sababu huku taa ikimetameta kwenye lami kavu. Kwa hiyo sifuri inasubiri alaimenti.

Siku ya 11

Alaimenti imefanywa, usukani umewekwa katikati kwa kurekebisha fimbo zote mbili za usukani kwa kiasi kile kile, na nimeithibitisha kwa kuendesha. Niliegesha sehemu tambarare, nikanyoosha magurudumu, nikatoa mikono, nikabonyeza. Sensa ya usukani ikasoma 0.0. Skana ikataka pia kuweka sifuri ya sensa ya kujizungusha kwa bodi na ile ya kusukumwa pembeni, gari likiwa halitikisiki. Nilimwomba mdogo wangu ashuke na afunge mlango polepole, tukasubiri nusu dakika. Taa zote zimezimika.

Jaribio: kona za kushoto kumi, usukani hadi mwisho, kwa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Hakuna kitu. Kisha, kwenye uwanja mpana wa kokoto usio na mtu, nilikata ghafla kwa kasi ndogo. Taa ikametameta mara tatu, nikasikia pampu ikiguna chini ya boneti, na ikazimika yenyewe. Mfumo uko kazini.

Siku ya 19

Kilomita 410 tangu siku ya 11. Skana haina msimbo, wa sasa wala wa historia. Leo nimelaza sindano kwenye plagi ya gurudumu la kulia na kumwita tena mdogo wangu: 1.6 pande zote mbili, haitikisiki. Ila ganda la waya wa kulia, pale unapotoka kwenye mpira, lina sehemu laini ya urefu wa ukucha. Bado sijalipasua. Nyaya zilizobaki siku ya 8 zinatosha kwa upande huo, na pini mbili mpya zimo kwenye kopo.